Kaacha Pombe, Kapungua Mwili, Mjini Wanamzushia Ngoma: Kumbe Anakimbia Kilichomuua Mama Yake

Picha moja tu ndo ilianzisha yote. Staa mmoja wa kike hapa Bongo, aliyeanzia kwenye filamu kisha akahamia kwenye muziki, aliposti picha saa 12 asubuhi akiwa na raba, tisheti imelowa jasho, Daraja la Tanzanite liko nyuma yake. Hakuandika maneno, aliweka alama ya moyo basi. Mtu angedhani atasifiwa kwa kuamka mapema. Wapi! Ndani ya saa moja komenti zilishafika mia kadhaa, na nusu yake zilikuwa kama za msibani.

"Dada umekwisha." "Rudisha mwili wako bwana, hukuwa hivi." "Huyo kashakanyaga miwaya, mtakuja kuniambia." Mwingine akaja na ubuyu wake kwamba danga lililokuwa linamlipia kodi limemkimbia, ndo maana hali. Wiki iliyofuata ikavuja video yupo kwenye bethidei ya shoga yake, meza imejaa chupa, yeye mkononi kashika maji. Hapo mji ukagawanyika, wengine wanasema kaokoka, wengine wanasema ana mimba na hamjui baba wa mtoto.

Mwisho wa siku dada wa watu akachoka. Usiku mmoja akaingia laivu, hana meki-apu, kajifunga kanga, akasema mambo ambayo kwa miaka yote ya umaarufu wake hakuwahi kuyasema. Mama yake aligundulika na kansa ya titi akiwa na miaka 42 na akafariki akiwa na 44. Mama yake mdogo naye alikatwa titi akiwa na miaka 41, huyo Mungu kamjalia bado yupo. Yeye mwenyewe katimiza 33. Akasema amekaa chini, akahesabu miaka, akaona muda wa kucheza umeisha. Akaaga, akazima simu.

Kwa mtu muungwana ingeishia hapo. Lakini asubuhi yake umbea uliendelea kama kawaida, safari hii kwa sura mpya. Eti anatafuta kiki kwa jina la marehemu mama yake. Eti kama ni kansa ya ukoo, kukimbia darajani kutamsaidia nini, kilichoandikwa kimeandikwa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofaa kujibiwa, maana wanaoiamini ni wengi na wengine wana mama, dada na wake ambao kesho watahitaji ushauri wao.

Ukweli ni huu. Mwanamke ambaye mama yake, dada yake au binti yake amewahi kuugua kansa ya titi, uwezekano wake wa kuugua unakuwa takriban mara mbili ya yule ambaye kwao hakuna. Hiyo haifutiki kwa raba wala kwa juisi. Lakini mara mbili si sawa na "lazima". Wanawake wengi wenye historia hiyo kwenye ukoo wanazeeka bila kuugua, na wanawake wengi wanaougua hawana ndugu hata mmoja aliyewahi kuwa nayo. Kansa zinazotokana moja kwa moja na vinasaba vya kurithi ni kati ya asilimia 5 na 10 tu. Kwa hiyo anayesema "kwetu haipo, mimi niko salama" anajidanganya, na anayesema "kwetu ipo, basi nisubiri zamu yangu" naye anajidanganya.

Mwaka 2010 Marekani ulitoka utafiti uliotumia taarifa za wanawake waliokwisha koma hedhi, kutoka kwenye ule mradi mkubwa uitwao Women's Health Initiative. Waliangalia vitu vitatu tu, mazoezi ya mara kwa mara, uzito usiozidi na pombe kidogo au kutokunywa kabisa. Waliofuata hayo hatari yao ilikuwa ndogo, wale wenye historia kwenye familia na wale wasiokuwa nayo. Wenye historia walibaki juu kuliko wenzao, hilo halifichwi, ila na wao walishuka. Yaani kile ambacho staa huyu anafanya saa 12 asubuhi wataalamu walishakipima, wala hakukitoa kwa mganga.

Tuanze na pombe, maana ndiyo iliyozua maneno. Pombe inahusika na kansa ya titi, hilo lilishathibitishwa zamani. Inapandisha homoni ya estrojeni, na mwili ukiivunja inazaa kemikali inayoharibu vinasaba ndani ya seli. Kwa kila gramu 10 za kilevi kwa siku hatari inapanda kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Isieleweke vibaya, haina maana kwamba watu 10 katika 100 wataugua kwa ajili ya hiyo glasi, ni kwamba ile hatari mtu aliyokuwa nayo tayari inaongezeka kwa kiasi hicho. Sasa bia ya kawaida ya mililita 500 ina karibu gramu 20. Bia mbili kila jioni ni gramu 40. Na kilevi ni kilevi, kiwe kwenye bia, konyagi au ile waini nyekundu ambayo akina dada wanaambiana kwamba ni nzuri kwa moyo.

Wanaomcheka hawajui kuacha pombe kumemgharimu nini. Kwa miaka mingi sehemu ya mkate wake ilikuwa kualikwa klabu, kukaa VIP, kushika glasi na kupigwa picha. Hakuna anayemlipa msanii aje ukumbini anywe maji. Shoo zake za namna hiyo zimepungua, na baadhi ya mashoga zake wa kula bata siku hizi hawamwalikeni, wanasema anaboa. Mtu aliyekubali kupoteza hela na marafiki ili asimfuate mama yake kaburini mapema, halafu anaambiwa anatafuta kiki! Kiki gani hiyo inayopunguza kipato?

Tuje kwenye mwili. Hapa Bongo mwili wa mwanamke ni mtaji na pia ni mali ya umma. Bibi harusi akinenepa miezi miwili baada ya ndoa anaambiwa kapendeza, ndoa imemkubali. Akikonda, mume anaitwa kuulizwa anamfanya nini mtoto wa watu. Mama mkwe anapima mapenzi ya mwanawe kwa mashavu ya mkwewe. Na ukikonda huna msiba wala mapenzi mapya, basi ni ngoma. Hata hiyo ya ngoma nayo ni ushamba, watu wanameza dawa zao, wanafanya kazi na wanalea watoto wao, si tusi la kumrushia mtu.

Katika mji wa namna hiyo, mwanamke anayeambiwa na daktari apunguze uzito ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuacha chipsi mayai za saa 4 usiku na soda ya kila siku. Ya pili, ambayo ni ngumu zaidi, ni kuvumilia macho ya watu. Wakati huohuo sababu ya daktari ni nzito. Mwanamke akishakoma hedhi, ovari zinapumzika, na estrojeni kubwa inayobaki inatengenezwa kwenye mafuta ya mwili. Mafuta yakizidi, homoni inazidi, na kansa nyingi za titi zinakua kwa kuitegemea hiyo homoni. Ni kweli hiyo ni habari ya miaka 50 kwenda mbele na yeye ana 33. Lakini uzito wa miaka 50 hauji siku ya bethidei, unajengwa polepole kuanzia umri huu huu, na kuutoa ukishazoeleka ni kazi ya punda.

Hakuna anayesema watu wote wawe vimbaumbau. Anayeona aibu ya mwili wake hana kosa, na mwanamke mnene anayetembea kila siku anajifanyia wema kuliko mwembamba anayelala na chupa.

Mazoezi nayo yamegeuzwa kuwa mambo ya wenye hela. Ukisema mazoezi mtu anawaza jimu yenye kiyoyozi, nguo za kubana na mwalimu wa kulipwa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, hadi 300. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka mpaka upumue kwa nguvu lakini bado uweze kuongea, hayo ni mazoezi tayari. Dada anayeshuka kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu, mama anayejiunga na jogging ya mtaani Jumapili, wote wamo. Staa huyu daraja halimtozi kiingilio.

Kuna jingine ambalo kwa mastaa ni mwiba, kunyonyesha. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari ya kansa ya titi kwa asilimia 4.3. Wapo watu maarufu wanaomwachisha mtoto mapema ili matiti yasianguke, na mashabiki zao wanaiga. Wengine wanashindwa kwa sababu za kiafya au kazi, hao wasihukumiwe. Lakini mwenye uwezo wa kunyonyesha, tena kwao kuna historia hii, ana sababu moja zaidi ya kutosikiliza maneno ya saluni.

Sasa kuna staa mwingine, na huyu ndiye anayestahili kusemwa. Naye ni wa kike, ana wafuasi wengi kuliko huyu wa darajani. Siku mbili baada ya ile laivu aliposti pakti za chai anayoiuza, akaandika kwamba inatoa sumu mwilini na "inaosha kansa ya ukoo". Pakti moja shilingi 45,000, na ukichukua tatu unapunguziwa. Hakuna chai inayoosha kansa ya ukoo. Ini na figo ndizo zinazotoa taka mwilini, na hazikuomba msaada. Majani ya mstafeli, mlonge, binzari, vyote vinaweza kuwa vitu vizuri kwenye nafasi yake, ila hakuna hata kimoja kilichothibitishwa kuzuia au kuponya kansa ya titi kwa binadamu. Mtu anayeweka biashara juu ya hofu ya yatima ana roho ngumu. Ubaya wake si hela tu. Yule binti aliyekunywa hiyo chai anajiona kashajikinga, uvimbe ukitokea anaongeza dozi badala ya kwenda hospitali.

Halafu kuna vitisho vya bure navyo vimejaa. Usiweke hela kwenye sidiria, usiweke simu, usivae sidiria nyeusi, usipake deodoranti. Hakuna ushahidi wa maana kwamba hayo yanaleta kansa ya titi. Inashangaza mtu anaogopa noti ya elfu tano kwenye sidiria wakati huohuo anaagiza kreti.

Lakini kwenye ile laivu kuna jambo alilisema kwa sekunde chache na watu wengi likawapita. Alisema mama yake alipoanza kuumwa, watoto waliambiwa mama ana kifua. Bibi yao akasema ni kijicho cha majirani. Walikuja kujua jina la ugonjwa miaka mingi baadaye, mama mdogo alipougua na daktari akauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Watu wazima wakatazamana, hakuna aliyejibu. Mpaka mama mdogo mwenyewe akasema yupo, dada yangu.

Hii ndiyo hasara kubwa kwenye familia nyingi. Mtu anazikwa na jina la ugonjwa wake. Inabaki "alivimba", "alitupiwa", "alikuwa na jipu kwenye ziwa". Wajukuu wanakua hawana taarifa, wakifika hospitali wakiulizwa historia ya familia wanasema hakuna. Kumbe inatakiwa mtu akae na wazee aulize maswali machache tu. Nani aliugua titi au ovari, alikuwa na umri gani alipogundulika, je ni titi moja au yote mawili. Aulize upande wa mama na upande wa baba pia. Wengi hawajui kwamba vinasaba hivi vinapita hata kwa mwanaume. Baba mwenye kasoro kwenye BRCA1 au BRCA2 anaweza kumpa mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, hata kama yeye hajawahi kuumwa kichwa. Na wanaume wenyewe wanaugua kansa ya titi, ni wachache, chini ya 1 au karibu 1 katika kila wagonjwa 100, lakini wapo.

Umri ule una kazi. Madaktari wengi humshauri mwanamke ambaye mama au dada yake aliugua kabla ya kukoma hedhi aanze uchunguzi miaka kama 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligundulika. Mama wa staa huyu aligundulika na 42. Toa 10 inabaki 32. Yeye ana 33, maana yake mwaka mmoja ulishampita huku watu wakimpigia makofi klabu. Kama wazee wangesema mapema, angeanza kwa wakati.

Wapo ambao mtindo wa maisha peke yake hauwatoshi. Mwaka 2013 mwigizaji wa Marekani Angelina Jolie aliandika kwenye gazeti la New York Times kwamba ana kasoro ya BRCA1, na kwamba amekatwa matiti yote mawili akiwa haumwi. Mama yake alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 56. Baadaye mwaka 2015 akatoa na ovari. Wapo waliosema kazidisha, lakini kwa wenye kasoro hiyo uwezekano wa kuugua kabla ya kufika miaka 80 unafika karibu asilimia 70, na huo hauondolewi kwa kukimbia asubuhi. Kwa mtu ambaye kwao wameugua wawili watatu, tena wakiwa vijana, sehemu ya kwenda ni kwa daktari, azungumze kuhusu vipimo na kuhusu kinachowezekana kwa uwezo wake. Raba ziendelee, ila zisichukue nafasi ya kliniki.

Kwa hiyo jibu la wale waliosema "kukimbia kutamsaidia nini" linafanana na kofia ya bodaboda. Kofia haizuii lori lisikugonge. Abiria aliyevaa anaweza kufa, na asiyevaa anaweza kufika salama miaka yote. Ila hakuna mzazi mwenye akili anayemwambia mwanawe asivae kwa sababu hiyo.

Na hapo kuna jambo la kuombwa mapema, kabla halijatokea. Huenda dada huyu siku moja akaugua. Mungu apishe mbali, lakini inawezekana, maana kupunguza hatari si kuifuta. Siku hiyo mjini watasema "si alikuwa anajifanya anakimbia, yako wapi?" Wengine watatafuta alipokosea, kwamba alikula kitimoto mwaka fulani, kwamba alichelewa kuzaa. Karibu nusu ya wanawake wanaougua kansa ya titi hawana sababu yoyote inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kuongezeka umri. Mgonjwa wa kansa si mtu aliyefeli mtihani. Akifanya bidii asifiwe, akiugua asaidiwe, na hayo mawili hayapingani.

Yeye inaonekana keshaamua kutowasikiliza. Mwezi uliopita alionekana tena darajani, safari hii na mdogo wake wa miaka 24. Wamevuka kutokea upande wa Coco Beach, wakaifuata barabara ya baharini kuelekea Ikulu. Njia hiyo inapita mbele ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, ambako mama yao alikuwa anapelekwa kwa mionzi wakati wao wanaambiwa ameenda kutibiwa kifua. Hawakupiga picha hapo. Wamepita, wamegeuza, wamerudi.

Chini ya picha yao kuna komenti moja iliyopata laiki chache kuliko zote. Binti mmoja ameandika kwamba bibi yake mzaa baba alikufa ana kidonda kwenye ziwa na nyumbani hakuna anayetaka kulisema, sasa aanzie wapi. Hakuna aliyemjibu, watu walikuwa bize kubishana kama staa kakonda kilo ngapi.

Aanzie kwa shangazi zake. Jumapili, wakiwa wamekaa wanachambua mchele, aulize bibi alikuwa na miaka mingapi kilipoanza, na kama kuna shangazi aliyewahi kuona uvimbe usiouma, chuchu iliyoingia ndani, au ngozi ya titi iliyokuwa kama ganda la chungwa. Akishapata majibu ayaandike, aende nayo hospitali. Shangazi wakikasirika watakasirika wiki moja, kisha watapoa.

Haya wadau, kwenu wazee wanasema, au na ninyi mliambiwa ni kifua?